Usukani Urudi kwa Mzee

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Mama alikuwa akinisimulia kwamba nilipokuwa mdogo, ng'ombe akikohoa zizini nilikuwa naacha uji na kwenda kujificha nyuma ya ghala la mtama. Lakini uoga wangu una kasoro: umechanganyika na hasira. Mwoga wa kweli akitishwa hukimbia. Mimi husimama hapo hapo nikitetemeka, na nikiendelea kutishwa hufanya jambo ambalo hata shujaa angelifikiria mara mbili. Nalisema hili mapema ili msomaji asinishangae mbele ya safari.

Kazi ninayotaka kuisimulia niliipata Bariadi miaka ile ya soko huria, pamba ilipoacha kuwa ya ushirika peke yake na kila mwenye mtaji na mizani akaruhusiwa kununua. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, tulikuwa bado Shinyanga. Kampuni zilizuka kila msimu, zikapaka rangi kuta za maghala ya zamani, zikaajiri mlinzi, na nyingine msimu uliofuata hukuziona tena. Ya kwetu ilikuwa ya mtu tuliyemwita Mzee tu. Alikuwa mfugaji, akauza sehemu ya ng'ombe wake akaingia kwenye pamba. Shule hakwenda mbali, ila alikuwa na macho. Akikutazama mara moja alijua unachokitaka na unachokiogopa.

Changu alikijua siku ya kwanza. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ushirika, akarudi kwao Lingeka kulima pamba na kukaa na wazazi wake. Mimi nilibaki Bariadi na binti yetu, kwenye chumba cha kupanga, kwa sababu alikuwa darasa la sita katika shule nzuri na alikuwa na kichwa cha kusoma. Makubaliano na mume wangu yalikuwa wazi: nikiwa na kazi, mtoto anasoma mjini. Nikikosa kazi, sote tunarudi Lingeka, na huko shule ilikuwa mbali na jembe lilikuwa karibu. Kila asubuhi nilipofunga mlango wa chumba kile nilikuwa najiuliza kama jioni nitaufungua nikiwa bado mtu wa ofisi.

Niliajiriwa kama katibu muhtasi, kwa majaribio. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu kwenye korido moja, na nyuma yake ghala la pamba. Nyuzi za pamba zilipeperuka mpaka ndani, zikatua kwenye meza, kwenye nywele, kwenye chai. Kwa hiyo kila mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama makochi ya sebuleni. Chumba cha kwanza alikaa Mzee, cha pili mhasibu, kijana wa Nyalikungu aliyekuwa anaongea kwa sauti ya chini hata akikuomba penseli. Cha mwisho kilikuwa changu. Kila chumba kilikuwa na kompyuta yake. Ya Mzee haikuwahi kuandika hata barua moja, lakini meza ya bosi isiyo na kompyuta ingeonekanaje?

Printa ilikuwa moja. Mzee aliinunua kwenye mnada, vitu vya mradi mmoja wa wafadhili vilipouzwa baada ya wafadhili kwenda zao. Ilikuwa kubwa na nzito, na ilitoa karatasi zenye moto kidogo, maandishi meusi yaliyokaa vizuri. Mzee aliipenda kuliko gari lake. Akaamuru iwekwe koridoni, kando ya mlango wake, ili mgeni asiingie bila kuiona.

Sasa, kompyuta tatu na printa moja zinahitaji makubaliano. Waya wa kila kompyuta ulikuja mpaka kwenye kisanduku cha chuma kilichokaa pembeni ya printa, na kwenye uso wa kisanduku hicho palikuwa na kirungu cha kuzungusha, chenye alama tatu: A, B, C. Ukikielekeza A, printa inamsikia Mzee. B, mhasibu. C, mimi. Kirungu kile tulikiita usukani. Anayetaka kuchapa alitoka chumbani, akazungusha usukani upande wake, akarudi kutuma kazi, akaja kuchukua karatasi zake.

Na palikuwa na sheria. Sijui ilianza lini, niliikuta. Ukimaliza kuchapa, usukani unaurudisha kwenye A. Unaurudisha kwa Mzee, ingawa Mzee hachapi chochote. Siku yangu ya pili nilisahau, mhasibu akanifuata chumbani mbio mbio, kana kwamba nimeacha jiko linawaka.

"Dada, usukani urudi kwa Mzee."

"Anataka kuchapa?"

"Hapana. Ni heshima tu."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikaizoea. Baada ya wiki chache mkono wangu ulikuwa unaurudisha wenyewe bila mimi kufikiri, na hapo ndipo mateso yangu yalipopata nafasi ya kuingia.

Mzee alipata nembo. Mtu wa Mwanza alimchorea ng'ombe amesimama kando ya tumba la pamba lililopasuka, na chini yake jina la kampuni limepinda kama upinde. Ikawekwa kwenye kompyuta zetu, na amri ikatoka kwamba karatasi yoyote isiyo na ng'ombe haitoki nje ya ofisi. Nembo ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ila tangu ilipoingia, kazi zilichelewa njiani. Barua iliyokuwa inatoka mara moja sasa ilikaa kwanza, taa ya printa ikipepesa, ndipo karatasi ikaanza kusogea.

Siku moja nilituma mkataba wa wakala wetu wa Shishiyu. Nikasubiri. Kimya. Nikatoka koridoni, nikakuta taa imeacha kupepesa na usukani uko kwenye A. Nikashtuka. Nimeurudisha saa ngapi? Sikukumbuka. Nikauzungusha kwenye C. Printa ikaguna, ikaanza kutoa karatasi, na zile karatasi zilikuwa balaa. Hakuna ng'ombe, hakuna mkataba. Tarakimu, mabano, vijistari vya mshazari, vipande vya maneno ya Kiingereza visivyo na kichwa wala miguu, mstari juu ya mstari, karatasi baada ya karatasi. Nilibonyeza kila kitufe nilichokiona. Mwishowe niliichomoa umeme.

Nilizikunja karatasi zile nikazificha kwenye pochi kama mwizi. Nikawasha tena, nikachapa upya, mkataba ukatoka safi. Nikajiambia ni bahati mbaya.

Ikatokea tena wiki ile ile, na tena baada yake. Kila mara ni hivyo hivyo: natuma, kimya, nakuta usukani kwa Mzee, narudisha kwangu, matapishi. Kilichonitisha kuliko karatasi ni mkono wangu. Nilikuwa na hakika ni mimi ninayeuzungusha usukani kabla ya wakati, kwa mazoea, kisha nasahau. Nilianza kuutazama mkono huo nikiwa nyumbani nikichambua mchicha. Binti yangu akaniuliza, "Mama, umeumia?" Nikamwambia hapana. Lakini nilikuwa najiuliza kama akili yangu inaniacha, na kama inaniacha, nani atamsomesha huyu.

Ng'ombe wa maskini hazai. Mara ya nne ilitokea Mzee akiwa na wageni mlangoni, wanunuzi wa mbegu, akiwaonyesha printa yake. Ilitapika mbele ya macho yao. Mmoja akacheka, akauliza kama hiyo ndiyo bei ya pamba ya mwaka huu. Mzee alicheka naye. Walipoondoka aliniita.

"Printa haina tumbo," aliniambia. "Haiumwi. Hili ni la mtu. Na karatasi ni zako, za mhasibu mara chache, zangu kamwe."

"Mzee, mimi sifanyi kitu."

"Huenda. Lakini ikinitapikia tena mbele ya wageni, utakwenda Lingeka kupalilia. Umenisikia, mama?"

Nilimsikia.

Alimleta fundi kutoka Mwanza hata hivyo, kwa sababu ya aibu ya wale wageni. Fundi alikuwa mtu mpole mwenye kiatu kimoja kilichoachia soli. Aliigeuza printa, akatuonyesha mgongo wake, Mzee, mhasibu na mimi tumeinama kama tunaangalia mtoto mchanga.

"Hii ina milango mitatu ya kuingilia," alisema. "Ninyi mnatumia mmoja, halafu mnagombania kwenye hiki kisanduku. Haikutengenezwa hivyo. Ukiipa kila mtu mlango wake, yenyewe inasikiliza milango yote. Ikiwa inaongea na huyu, mwingine anasubiri. Ikimaliza inamgeukia. Haimkatizi mtu."

"Kwa hiyo kisanduku ndicho kibaya?" Mzee aliuliza.

"Si kibaya, Mzee. Ila hakina akili. Mtu akizungusha katikati, kinakata. Na mashine hii inajua lugha mbili. Moja nyepesi, unaiambia andika herufi hii, shuka mstari. Nyingine nzito, unaiambia chora hapa, pinda pale, jaza wino humu. Ng'ombe wako amechorwa kwa hiyo nzito."

"Inajuaje ni lugha gani?"

Fundi akatabasamu. "Mtu akiingia hapa akasema mwangaluka, utamjibu kwa lugha gani?"

"Kisukuma."

"Akisema shikamoo?"

"Kiswahili."

"Basi na yenyewe hivyo hivyo. Maneno ya kwanza ya kila kazi ni salamu. Ikiisikia, inajua lugha inayofuata. Sasa ukiikata kazi katikati, mashine inangoja, inangoja, inachoka, inaisahau. Ukiunganisha tena, kinachoingia ni mkia, hauna salamu. Inadhani ni ile nyepesi, inaandika kila inachosikia, herufi kwa herufi. Hayo ndiyo matapishi yenu."

Mhasibu alitikisa kichwa polepole. Mimi nilitaka kumkumbatia fundi yule na kiatu chake. Alisema waya za kuunganisha kila mtu na mlango wake zitaagizwa Dar es Salaam, zitachukua muda, na kwa sasa dawa ni moja tu: kazi ikiwa njiani, mtu yeyote asiguse usukani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Niliacha kuushuku mkono wangu. Sasa nilimshuku mhasibu, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa kimya na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikatuma kazi ndefu ya kujaribia, nikajibanza nyuma ya mlango wangu nikauacha wazi kidogo, jicho moja koridoni.

Mhasibu hakutoka. Aliyetokea ni Mayu, na sinia ya chai.

Mayu alikuwa dada mkubwa wa Mzee. Sote tulimwita Mayu, mama, hata madereva wenye mvi. Mama yao alifariki Mzee akiwa mchanga, na ni yeye, msichana ambaye hajaolewa, aliyembeba mgongoni na kumlisha. Alipofiwa na mumewe, Mzee akamleta Bariadi. Angeweza kukaa nyumbani akahudumiwa, lakini alikataa kukaa bure, akashika jiko la ofisi. Kila siku asubuhi, sote tukiwa kazini, alipita koridoni na birika na vikombe.

Alifika kwenye printa. Akaweka sinia mezani. Akautazama usukani, ukiwa umeelekea kwangu, akatoa mlio ule wa mdomo wa mtu mzima aliyeona mtoto amekalia kiti kisicho chake. Akauzungusha taratibu mpaka A. Akaufuta vumbi kwa pindo la khanga, akachukua sinia, akaendelea na safari yake.

Furaha ilinijia kwanza. Sikuwa kichaa! Halafu nikafikiri ni dada wa nani, na furaha ikanitoka yote, nikakaa kwenye kiti.

Nilimfuata jikoni siku hiyo hiyo, nimepanga maneno yangu.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?" Ng'wanone, yaani mwanangu, ndivyo alivyotuita sote.

"Mhola duhu." Nikachuchumaa kando ya jiko. "Mayu, ule usukani wa mashine, nilikuwa naomba. Ukiukuta uko kwangu, uuache kidogo. Kazi inakuwa bado inapita."

Aliendelea kuosha vikombe. "Ninyi watoto wa siku hizi hamna adabu. Mnatumia kitu cha mtu, mnakiacha kimeelekea kwenu. Mgeni akipita ataona nini? Ataona mwenye nyumba hana sauti."

"Si hivyo, Mayu. Ikikatwa katikati inaharibika."

"Kwani kazi yako inamzidi mwenye nyumba?"

"Hapana, Mayu."

"Basi. Mimi nakusaidia unaposahau. Wewe unapaswa kusema wabeja."

Nikasema wabeja. Nilitoka pale nimeshukuru kwa kuharibiwa kazi.

Nilimweleza mhasibu. Alifunga mlango kwanza. "Ukimwambia Mzee kwamba dada yake ndiye anayemtia aibu, jioni utakula nini?" aliniuliza. "Mimi sijaona, sijasikia, na wewe hujaniambia." Mkewe alikuwa mjamzito, sikumlaumu. Nilimlaumu kidogo.

Basi nikaanza maisha ya ajabu. Nilichapa mapema kabla ya Mayu kufika. Nilichapa akiwa sokoni. Nilijaribu kutuma barua bila nembo ili ipite haraka kwa ile lugha nyepesi, Mzee akairudisha mezani kwangu: "Ng'ombe wangu ameenda wapi?" Nilibandika selotepu juu ya usukani. Asubuhi iliyofuata niliikuta imebanduliwa na kukunjwa vizuri juu ya meza yangu, na Mayu akaniambia wakati ananimiminia chai kwamba kuna mtu alitaka kumfunga kaka yake lakini yeye amemfungua. Nikilala nilikuwa nasikia taa ya printa ikipepesa, na taa haina sauti.

Waya za Dar es Salaam zilikuwa bado hazijafika watu wa benki walipokuja kutoka Mwanza mwanzoni mwa msimu, wawili, tai shingoni na vumbi mpaka kwenye kope. Mkopo wa kununulia pamba ulikuwa unategemea mkataba niliouchapa alfajiri nikiwa peke yangu, safi, na ng'ombe juu. Niliamini nimevuka. Nikakaa chumbani nikisikiliza sauti zao zikipita ukutani, nikaanza hata kufikiria viatu vya shule vya binti yangu.

Mzee akafungua mlango. "Mama, kuna kifungu wanataka kibadilishwe. Badilisha, uchape sasa hivi. Wanaondoka na basi la mchana." Akawageukia wageni. "Njooni muione mashine yenyewe inavyofanya kazi."

Nilibadilisha kifungu. Vidole vilikuwa vimelowa jasho mpaka vikateleza kwenye herufi. Nikatoka, nikauzungusha usukani kwangu mbele yao, nikarudi, nikatuma, nikatoka tena mbio na kusimama ubavuni mwa kisanduku kama mlinzi wa ghala. Taa ikaanza kupepesa. Wageni walisimama upande wa pili na Mzee, wakizungumza habari za mvua.

Na kwa sababu palikuwa na wageni, na wageni hawakai bila chai, mlango wa nyuma ukafunguka.

Mayu alivaa khanga zake mpya. Aliwasalimia wageni kwa kuinama kidogo, wakamwamkia shikamoo kwa heshima, akaweka sinia mezani. Kisha akauona usukani. Niliona uso wake ukibadilika. Wageni wote hawa, na kaka yake amesimama hapo, na usukani umeelekea kwa karani! Alinyoosha mkono.

Nilisogea nikaziba kwa mwili. "Mayu, naomba," nilinong'ona.

"Pisha, ng'wanone."

"Mayu, tafadhali, kidogo tu."

Mkono wake ulipita ubavuni mwangu. Taa ilikuwa bado inapepesa. Nilimwona binti yangu na jembe. Hapo ndipo hasira ilipoipanda hofu kichwani, nikamshika Mayu kifundo cha mkono.

Nilikishika hasa. Kilikuwa chembamba, na bangili zake za shaba zilikuwa zimepata joto la birika. Hakuvuta. Alinitazama tu, mdomo wazi, kama mtu aliyemwagiwa maji na mtoto wake mwenyewe. Koridoni kote hakuna aliyezungumza tena habari za mvua. Mimi mwenyewe sikuweza kumwachia, si kwa sababu ya printa tena, bali kwa sababu nilijua nikiachia itabidi kitu kingine kianze.

Printa ikaguna. Karatasi ya kwanza ikatoka, ng'ombe akiwa kamili, pembe zote mbili. Ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Nilipouachia mkono ule palikuwa na alama za vidole vyangu. Mmoja wa wageni akazichukua karatasi, akazipitia, akasema, "Mashine nzuri hii, Mzee." Mayu akamimina chai. Hakumwaga hata tone.

Walitia sahihi, wakaondoka. Mzee aliniita. Kwa mara ya kwanza sikumngoja aanze. Nilimweleza kila kitu kwa mfululizo, kuanzia mkataba wa Shishiyu mpaka selotepu, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko ilivyostahili.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Mzee?"

"Kwamba ni yeye. Nilijua siku ile fundi aliposema. Nani mwingine angeurudisha kwangu?"

"Na ukaniacha? Uliniambia utanirudisha Lingeka, na unajua?"

"Ningemwambia nani? Yeye?" Alitazama dirishani, kwenye malori. "Nilikuacha utafute njia. Wewe ni mwanamke, umeolewa, una wakwe, umezoea kupita kando ya wakubwa bila kuwagusa. Nilidhani utaiona njia. Njia uliyoiona ni kumkamata mkono mbele ya watu wa Mwanza."

"Nisingemkamata, mkopo wako usingekuwepo."

"Ni kweli," alisema. "Na nakushukuru. Lakini ule mkono ndio ulionilisha uji. Nikikuacha ukae hapa, kila asubuhi ataleta chai kwa mtu aliyemshika kama mwizi, na nitakuwa nimekubali."

Nilisema kwamba hiyo si haki. Akasema hajasema ni haki. Niliuliza kuhusu mtoto. Akasema mtoto amalize muhula, chumba atakilipia yeye. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtu mbaya ningemtukana nikalala vizuri. Muhula ulipokwisha tulipanda lori la pamba tukaenda Lingeka. Binti yangu alilia njia nzima, na jembe alilizoea haraka kuliko nilivyotaka.

Lakini siku ile palikuwa na barua ya kuandikwa kwanza, na ofisi haikuwa na mwingine wa kuiandika. Niliiandika mwenyewe, ya kuniachisha kazi, nikaweka nembo kama kanuni ilivyotaka. Nilipotoka koridoni kuuzungusha usukani, nilimkuta Mayu ameketi kwenye kigoda kando ya printa. Sijui ni nani aliyemweleza, au alikuwa amesikia mwenyewe kupitia mlangoni. Nilizungusha mpaka C. Nikarudi, nikatuma, nikaja kusimama.

Taa ilipepesa kwa muda mrefu. Mayu aliutazama usukani ulioelekea kwangu, mikono ameikunja mapajani, na hakuinyoosha. Barua ikatoka nzima, safi, ng'ombe juu. Akainuka, akaichukua kwa mikono yote miwili, akampelekea kaka yake aitie sahihi.